Bela Lugosi: Mwigizaji aliyemezwa na joho lake

Joho ni vazi la heshima. Hapa pwani hutolewa sandukuni siku ya arusi au siku ya Idi, likafukizwa udi, na bwana arusi akishavishwa hata mwendo wake hubadilika. Huenda taratibu, kichwa juu, na watu wakampisha njia. Nguo ina nguvu hiyo ya kumfanya mtu tuliyemzoea aonekane kuwa mtu mwingine kabisa.

Lakini bwana arusi hulivua joho lake, akairudia kanzu yake na kazi yake ya kila siku. Makala haya yanamhusu mtu ambaye hakuweza kulivua lake. Alilivaa kwa ajili ya riziki akiwa na umri wa miaka 44. Likampa jina dunia nzima, kisha likamfungia milango mingine yote ya kazi yake, na mwishowe likaingia naye kaburini.

Watazamaji wa televisheni wanalijua joho lenyewe. Kila unapoonyeshwa mchezo wa kutisha wa mambo ya kale, wenye jumba kubwa la mawe, mishumaa, ngazi za giza na wanawake waliovaa magauni ya kuburura, mazungumzo baada ya mchezo huwa ni ya mavazi. Hadithi husahauliwa upesi, mavazi hayasahauliki. Mmoja atasifu magauni, mwingine atauliza kitambaa kile ni mahameli au hariri. Na akitokea bwana mrefu aliyevaa joho jeusi lenye ukosi uliosimama nyuma ya shingo, hata mtoto mdogo atajua kuwa huyo ndiye wa kuogopwa. Wachache watauliza ni nani aliyeufunza ulimwengu kuliogopa vazi hilo.

Mtu huyo ni Bela Lugosi, aliyefariki dunia mwaka 1956.

MTOTO WA LUGOS

Alizaliwa tarehe 20 Oktoba, 1882, katika mji wa Lugos, ambao siku hizo ulikuwa katika Ufalme wa Hungaria. Leo mji huo unaitwa Lugoj na umo katika nchi ya Rumania, si mbali na milima ya Transylvania. Jina alilopewa na wazazi wake ni Béla Blaskó. Hilo la Lugosi alijipa alipoingia katika michezo ya kuigiza, na maana yake ni mtu wa Lugos, kama vile huku kwetu mtu anavyojulikana kwa nisba ya mji wake.

Baba yake alikuwa mwoka mikate ambaye baadaye aliingia katika kazi ya benki. Nyumba ilikuwa ya watu wenye adabu kali, lakini kijana hakuipenda shule. Aliiacha akiwa mdogo, akatoka nyumbani, na kwa muda akaishi kwa kazi za mikono. Baba mtu alifariki mwaka 1894, na ikawa kijana hana tena wa kumrudisha darasani.

Mwanzoni mwa karne ya 20 aliingia katika vikundi vya michezo vya mikoani. Alianza chini kabisa, akapanda hatua kwa hatua, hata akapewa sehemu ya Romeo katika mchezo mashuhuri wa Shakespeare. Mwaka 1913 alipokewa katika Jumba la Taifa la Michezo mjini Budapest, jumba ambalo kila mwigizaji wa Hungaria alitamani kuingia. Sehemu alizopewa humo hazikuwa kubwa, lakini alikuwa amefika. Tumkumbuke hivyo kwanza: kijana mrefu, mzuri wa sura, mwenye sauti nzito, aliyezoea kusema maneno ya mapenzi mbele ya watu.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914 aliingia jeshini, akawa luteni, akajeruhiwa. Alirudi jukwaani mwaka 1916. Mwaka uliofuata akaoa. Vita vilipokwisha nchi yake ikatikisika. Lugosi alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha kutetea haki za waigizaji, naye aliiunga mkono serikali ya mapinduzi ya Béla Kun. Serikali hiyo haikudumu. Ilianguka mwezi Agosti 1919, na walioiunga mkono wakaanza kusakwa. Lugosi akakimbilia Vienna, kisha Berlin. Mkewe alirudi kwa wazazi wake, na mwaka 1920 ndoa ikavunjika.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lugosi hakupata tena kucheza kwao.

UGENINI MAREKANI

Mwezi Desemba 1920 alifika katika bandari ya New Orleans, Marekani, akiwa baharia wa meli ya mizigo. Kutoka hapo alikwenda New York, ambako walikuwako wahamiaji wengi wa Kihungari, akaanza kuwachezea hao kwa lugha yao.

Kiingereza hakukijua. Mwaka 1922 alipopewa sehemu katika mchezo wa Kiingereza, alijifunza maneno yake kwa sauti tu, kama mtoto anayehifadhi kwa sikio kabla hajajua maana. Watazamaji walimsikiliza bila kujua kwamba mtu huyo, akishuka jukwaani, hawezi kuagiza chakula chake kwa lugha hiyo hiyo. Baadaye alikijua Kiingereza vizuri, lakini lafudhi haikumtoka. Maneno aliyatoa polepole, moja moja, kila silabi ikikanyagwa kwa uzito. Upungufu huo ndio uliokuja kuwa mtaji wake, na pia ndio uliokuja kuwa kamba shingoni mwake.

UKOSI ULIOTISHA DUNIA

Mwaka 1897 mwandishi wa Ireland, Bram Stoker, alikuwa ametoa kitabu kiitwacho Dracula. Ni hadithi ya kabaila wa Transylvania ambaye amekufa na hakufa, anayelala jenezani mchana na kutoka usiku kunyonya damu za watu.

Kwa watu wa pwani habari ya mnyonya damu si ngeni. Wazee walitutisha kwa mumiani, na watoto wakawahi kurudi nyumbani kabla ya magharibi. Lakini mumiani wetu hana vazi lake maalumu. Hutisha kwa sababu anaweza kuwa mtu yeyote unayepishana naye njiani. Dracula ni kinyume chake. Yeye ni mwinyi, ana kasri, ana ukoo, na hutisha kwa sababu amevaa vizuri.

Hata hivyo, Dracula wa kitabuni hakuwa hivyo tunavyomjua. Stoker alimwandika kuwa mzee mwenye masharubu meupe, pumzi yenye kunuka na viganja vyenye nywele. Aliyembadilisha ni mwigizaji Hamilton Deane, aliyeigeuza hadithi hiyo kuwa mchezo wa jukwaani mwaka 1924. Deane alitaka Dracula aingie sebuleni kwa watu wenye heshima na akaribishwe kiti. Basi akamvika suti nyeusi ya karamu, shati jeupe lililotiwa wanga, na joho.

Ukosi mrefu wa joho hilo ulikuwa na sababu yake. Katika mchezo Dracula alitakiwa atoweke mbele ya macho ya watu. Mwigizaji aliwapa watazamaji mgongo, ukosi uliosimama ukakificha kichwa chake, naye akajichopoa chini ya joho na kuzama katika mlango wa siri uliokatwa sakafuni. Wenziwe jukwaani walibaki wameshika nguo tupu. Kwa hiyo ukosi ule uliokuja kutisha dunia ulianza kuwa hila ya mafundi wa jukwaa.

Mchezo ulipofika London mwaka 1927, wenye mchezo waliweka muuguzi ndani ya jumba, ati kwa ajili ya watazamaji watakaozirai. Hapana shaka muuguzi huyo aliuza tikiti nyingi kuliko tangazo lolote.

Mwaka huo huo mchezo ukavushwa hadi New York, ukiwa umeandikwa upya na John Balderston, na sehemu ya Dracula akapewa Lugosi. Ulifunguliwa tarehe 5 Oktoba, 1927, ukaonyeshwa mara 261. Watazamaji wa New York hawakuwa wamemwona mtu kama huyu. Alikuwa mrefu, macho yake hayapepesi, mikono yake inazungumza, na lafudhi yake inatoka kweli katika pande zile zile ambazo hadithi inazitaja. Stoker mwenyewe hakuwahi kufika Transylvania. Lugosi alizaliwa jirani nayo.

Jambo moja liliwashangaza wengi. Watu walikuja kuogopa, wakatoka wamependezwa. Lugosi mwenyewe alikuwa akisema kuwa barua nyingi alizopokea zilitoka kwa wanawake. Joho lile lilikuwa na kifo ndani yake, lakini lilikuwa na haiba pia.

DOLA 500 KWA JUMA

Kampuni ya Universal ya Hollywood ilipoamua kuigeuza Dracula kuwa sinema, haikumfikiria Lugosi kwanza. Mwigizaji mashuhuri Lon Chaney, aliyetajwa sana kwa kazi hiyo, alifariki mwezi Agosti 1930, na hata baada ya hapo majina ya wengine yaliendelea kutajwa. Lugosi aliipigania sehemu hiyo kwa nguvu zake zote. Mwishowe aliipata, kwa mshahara wa dola 500 kwa juma, kwa majuma saba. Jumla yake ni dola 3,500. Hizo ndizo alizolipwa kwa sura ambayo ingewaingizia wengine mamilioni.

Sinema hiyo, iliyoongozwa na Tod Browning, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Februari 1931. Anayeitazama leo atashangaa jinsi ilivyo na mambo machache ya kutisha. Dracula haonyeshi chonge hata mara moja, wala damu haimwagiki. Kilichopo ni mtu aliyesimama juu ya ngazi na mshumaa mkononi, joho mabegani, na mwanga mdogo uliolengwa machoni mwake. Hiyo ilitosha. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, watu hawana kazi, lakini walitoa senti zao ili waogopeshwe na bwana aliyevaa vizuri. Sinema ikaipatia kampuni faida kubwa katika mwaka mgumu.

Mwaka huo huo Lugosi akawa raia wa Marekani. Ungedhani sasa mambo yamemnyokea.

MILANGO YAFUNGWA

Kampuni ilimtaka acheze zimwi katika sinema ya Frankenstein. Zimwi hilo halisemi, na uso wake wote hufunikwa kwa rangi na gundi. Lugosi, ambaye alijivunia uso wake na sauti yake, hakuifurahia kazi hiyo. Mambo yalipobadilika ikachukuliwa na Mwingereza ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa, Boris Karloff. Frankenstein ilipotoka mwishoni mwa 1931, Karloff akawa nyota, na tangu siku hiyo majina yao yakawa yanaandikwa pamoja, la Karloff likitangulia. Walicheza pamoja katika The Black Cat mwaka 1934 na The Raven mwaka 1935, na mshahara mnono ulikuwa wa Karloff.

Watengenezaji wa sinema hawakuweza kumwona Lugosi bila joho. Akija kuomba sehemu ya daktari, walimwona Dracula. Akiomba sehemu ya mume, walimwona Dracula. Akifungua kinywa, lafudhi ile ikawathibitishia. Naye hakujisaidia, kwani alikuwa mkarimu kupita kiasi, akipenda sigara kubwa kubwa, karamu na wageni wa Kihungari waliopigiwa muziki hadi alfajiri. Fedha ziliingia kwa mlango na kutoka kwa dirisha.

Mwaka 1936 kampuni ya Universal ilibadilisha wenyewe, na huko Uingereza wakaguzi wa sinema wakawa hawazitaki sinema za kutisha. Hollywood ikaacha kuzitengeneza. Kwa Lugosi ilikuwa kama mvuvi kuambiwa bahari imefungwa. Nyumba yake ikachukuliwa. Mwezi Januari 1938 alipopata mtoto wake wa pekee, Bela mdogo, kwa mkewe wa nne, Lillian, fedha za hospitali zilitoka katika mfuko wa kuwasaidia waigizaji wenye shida.

Waliomwokoa ni watazamaji. Mwezi Agosti 1938 mwenye jumba dogo la sinema mjini Los Angeles, ambaye biashara yake ilikuwa inazama, alikodi Dracula, Frankenstein na filamu nyingine moja ya kutisha, akazionyesha pamoja. Watu walipanga foleni mchana na usiku. Lugosi mwenyewe alikwenda kuwasalimu. Wakubwa wa Hollywood waliziona foleni hizo, wakarudi katika sinema za kutisha.

Kazi aliyoipata sasa ndiyo inayoonyesha alivyokuwa na uwezo. Katika Son of Frankenstein, ya mwaka 1939, alicheza Ygor, mtu mwenye ndevu za ovyo, nguo chakavu na shingo iliyovunjika baada ya kunyongwa na kunusurika. Hakuna joho, hakuna suti, hakuna nywele zilizopakwa mafuta. Asiyejua hatamtambua. Wajuzi wengi wa sinema husema kuwa hiyo ndiyo kazi yake bora. Mwaka huo huo alionekana kwa dakika chache katika Ninotchka, pamoja na Greta Garbo, akiwa ofisa wa serikali ya Urusi. Alitulia, akaongea kama mtu, akashuka. Watengenezaji waliona, na hawakujifunza neno. Walimrudisha kwenye makaburi na maabara.

Wengi hudhani alicheza Dracula katika sinema nyingi. Ukweli ni kwamba alimcheza mara mbili tu. Ya pili na ya mwisho ilikuwa mwaka 1948, katika sinema ya kuchekesha ya Abbott na Costello. Watu walicheka, lakini hawakumcheka yeye. Alilivaa joho lake kwa heshima ile ile ya 1931, na wenye vichekesho ndio waliomkimbia.

UGONJWA NA MWISHO WAKE

Kwa miaka mingi Lugosi aliteswa na maumivu ya mshipa wa nyonga na mguu. Madaktari walimpa mofini, dawa ya kutuliza maumivu ambayo mwenye kuizoea hawezi kuiacha. Ilianza kuwa dawa, ikaishia kuwa bwana. Kazi zilipungua. Mwaka 1949 alionekana katika mchezo wa televisheni uliotokana na hadithi ya Edgar Allan Poe, ukarushwa moja kwa moja kama ilivyokuwa desturi ya siku hizo. Mwaka 1951 alizunguka miji ya Uingereza na mchezo wa Dracula, akiwa na karibu miaka 69, usiku huu mji huu, usiku ule mji ule. Lillian alimwacha mwaka 1953.

Mwezi Aprili 1955 alifanya jambo ambalo watu wa Hollywood hawakulizoea. Alikwenda mwenyewe mbele ya wakuu wa serikali akaomba atibiwe, akakiri hadharani kuwa dawa zimemshinda. Alipelekwa katika hospitali ya serikali huko Norwalk, California. Magazeti yalipiga picha zake akiwa amekonda, mifupa mitupu. Wapo waliomcheka. Lakini wapo pia waliomwandikia barua za kumtia moyo, na mmoja wao alikuwa mwanamke aliyekuwa akizipenda sinema zake tangu zamani, Hope Lininger. Alipotoka hospitali mwezi Agosti walioana. Hiyo ilikuwa ndoa yake ya tano.

Katika miaka hiyo ya mwisho aliyempa kazi ni mtengenezaji wa sinema za bei rahisi, Ed Wood. Wood alimpenda kweli, ijapokuwa hakuwa na fedha wala ustadi. Alimpiga picha chache za kimya akiwa amevaa joho, bila hadithi iliyokamilika.

Tarehe 16 Agosti, 1956, Bela Lugosi alifariki nyumbani kwake Los Angeles kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 73. Hakuacha mali ya maana.

Sisi tunamzika maiti kwa sanda, nguo nyeupe isiyo na mfuko wala cheo, na tajiri na maskini hulingana nayo. Lugosi, aliyekuwa Mkatoliki, alizikwa ndani ya joho la Dracula. Wengi husimulia kuwa aliusia hivyo. Mwanawe ameeleza kuwa si kweli, bali ni yeye na mama yake, Lillian, walioamua, wakidhani kuwa ndivyo mzee angependa. Walimtendea hivyo kwa mapenzi. Hata hivyo ni jambo la kuhuzunisha kidogo kwamba hata waliomjua akiwa baba na mume hawakupata nguo nyingine ya kumwagia.

Wood naye alizichukua zile picha za kimya, akazitia katika sinema iliyokuja kuitwa Plan 9 from Outer Space. Kwa kuwa hazikutosha, alimtafuta mtu mwingine asiyefanana na marehemu, akamwambia ajifunike uso kwa joho. Kwa maoni yake joho lilitosha.

JOHO LAINGIA MAJUMBANI

Mwezi Oktoba 1957, mwaka mmoja tu baada ya mazishi, filamu 52 za zamani za Universal zilikodishwa kwa vituo vya televisheni vya Marekani, Dracula ikiwa mojawapo. Zilionyeshwa usiku wa manane, na vituo vingi viliweka mtangazaji aliyevaa kama mfu aliyefufuka. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1931 walikesha sebuleni wamejifunika mablanketi. Asubuhi walifunga taulo shingoni, wakainua mkono mbele ya uso, na kuiga lafudhi ya mzee wa Lugos. Mafanikio aliyoyatafuta kwa miaka 25 yalimjia akiwa kaburini.

Mwaka 1966 televisheni ya ABC ilianzisha mchezo wa mfululizo ulioitwa Dark Shadows, habari za ukoo wa kitajiri katika jumba la kale pwani ya Maine. Ulirushwa alasiri, saa ambazo kwa kawaida zilikuwa za michezo ya mapenzi ya kutazamwa na akina mama. Watazamaji walikuwa wachache, na mchezo ulikuwa karibu kufungwa. Aprili 1967 akaingizwa mnyonya damu, Barnabas Collins, aliyechezwa na Jonathan Frid. Alikusudiwa kukaa muda mfupi tu. Lakini alikuwa na joho zito la tabaka mbili mabegani na bakora yenye kichwa cha mbwa-mwitu cha fedha, na watazamaji wakakataa aondoke. Watoto walitoka shule mbio ili wasimkose. Barua zilimiminika kwa maelfu.

Baadaye hadithi ilirudishwa nyuma hadi mwaka 1795, waigizaji wote wakavikwa mavazi ya zama hizo. Wengi wa wapenzi wa mchezo huo hukitaja kipande hicho kuwa ndicho bora, na katika kusifu kwao mavazi hayakosi kutajwa. Mchezo ulidumu hadi Aprili 1971. Barnabas hakuwa nakala ya Lugosi, kwani yeye alijutia maovu yake, lakini mlango aliopitia uliwekwa na Lugosi. Hata kipindi cha watoto cha Sesame Street, tangu mwaka 1972, kina bwana wa joho anayewafundisha kuhesabu kwa lafudhi hiyo hiyo.

USO WA MTU NI MALI YA NANI?

Katika miaka ya 1960 sura ya Lugosi akiwa Dracula ilianza kuuzwa katika fulana, vinyago na vitu vya kuchezea, kwa idhini ya Universal. Mjane wake Hope na mwanawe Bela mdogo, aliyekuwa amesomea uwakili, walikwenda mahakamani. Walisema vazi linaweza kuwa la kampuni, lakini uso uliomo ndani yake ni wa baba yao. Mahakama ya kwanza ilikubaliana nao. Kesi ikapanda, na mwaka 1979 Mahakama Kuu Kabisa ya California ikaamua kuwa haki ya mtu juu ya sura yake katika biashara hufa pamoja naye, ikiwa hakuitumia hivyo akiwa hai.

Walishindwa, lakini kelele zao hazikupotea bure. Mwaka 1984 bunge la California lilitunga sheria ya kuwapa warithi wa watu mashuhuri haki juu ya majina na sura za marehemu wao. Warithi wengi wanaofaidika leo hawajui kuwa njia hiyo ilifunguliwa na mtoto ambaye kuzaliwa kwake kulilipiwa na mfuko wa msaada.

Mwaka 1994 ilitoka sinema iliyoitwa Ed Wood, juu ya miaka ile ya mwisho, na Martin Landau aliyemwigiza Lugosi akapata tuzo ya Oscar. Lugosi mwenyewe hakuwahi kuipata. Na mwaka 2019 familia ilitoa joho lililohifadhiwa tangu enzi za sinema ya 1931 kwa jumba la makumbusho la sinema mjini Los Angeles, liwekwe watu walitazame.

Vazi, basi, limepata makao mema. Mwenyewe alibaki na dola 3,500, maumivu ya mguu, na kiu ya kupewa kazi nyingine japo mara moja. Hatuwezi kuwalaumu watazamaji kwa kulipenda joho, maana lilikuwa zuri, naye alijua kulivaa. Lakini ukimtazama tena Ygor, au yule ofisa wa dakika chache katika Ninotchka, utamwona mtu aliyekuwa na mengi mengine ya kutoa. Aliyatoa kila alipopewa nafasi, na aliyetaka kuyaona hakuwa haba wa macho. Walikuwa haba waliotaka.